Maumivu ya Mwili Yatokanayo na Ugonjwa wa Huzuni, Pamoja na Maneno ya Watu wa Chalinze

Pale Chalinze, ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro huachana na ile iendayo kaskazini, kupita Lugoba na Msata hata Segera na Tanga, husikika Kiswahili cha namna nyingi. Mkwere, Mzigua, Mdoe, Mzaramo na Mluguru hutumia maneno ya pwani kila mtu kwa lafudhi yake, na wageni wa bara waliokuja kwa biashara au kwa kazi ya ualimu wameongeza ya kwao. Lakini mtu wa nchi hii aulizwapo, "Waumwa nini?" majibu hufanana sana. "Kichwa chaniwanga." "Mwili wote hauna nguvu." "Moyo wanienda mbio." "Kifua kimebana." "Usingizi hauji, na chakula hakipiti." Mara nyingi maneno hayo ni habari za malaria, au za safura, au za ugonjwa mwingine ujulikanao. Na mara nyingine, zaidi kuliko watu wengi wadhanivyo, ni habari za ugonjwa wa huzuni, ule ambao vitabu vya siku hizi huuita sonona. Twataka kueleza hapa jinsi ugonjwa huo ushikavyo mwili, na kwa nini wenyeji huutaja kwa maneno ya mwili. Kwa maana walimu na makasisi ndio waletewao maneno hayo mapema, na wagonjwa wengi hukosa msaada kwa kuwa yalisikiwa bila kufahamika.

Kwanza yatupasa kutenga huzuni na ugonjwa wa huzuni. Mtu aliyefiwa na mzazi, au aliyepotewa na shamba, akilia na kukosa hamu ya chakula siku kadhaa, huyo si mgonjwa. Ana huzuni kama ilivyo haki ya mwanadamu. Ugonjwa ni pale hali hiyo ikaapo majuma mawili au zaidi, karibu mchana kutwa na karibu kila siku, hata ikamzuia mtu kazi yake na ndugu zake. Madaktari huhesabu alama 9 za ugonjwa huu, na humwita mtu mgonjwa akiwa na 5 au zaidi, madhali mojawapo ni huzuni yenyewe au kutoona raha katika mambo aliyoyapenda kwanza. Nyingine ni kujiona hafai au mwenye hatia kupita kiasi, kushindwa kukaza fikira au kukata shauri, na kufikiri habari za kufa. Nne zilizobaki ni za mwili wazi: usingizi kuharibika, chakula na uzito kubadilika, nguvu kuisha, na mwendo wa mwili kuwa mzito au kukosa utulivu. Ni ajabu kidogo kwamba kuumwa kichwa, mgongo, kifua na tumbo hakumo katika hesabu hiyo ya vitabuni, hali ndiyo mambo ambayo wagonjwa wetu huyataja kwanza, na wengine huyataja hayo tu.

Usingizi ndio ufaao kuulizwa mapema, kwa kuwa hauna aibu. Wako washindwao kuupata, wakageuka kitandani hata usiku wa manane. Lakini desturi ya ugonjwa huu hasa ni kuamka kabla ya wakati: mtu hulala saa tatu ya usiku kwa uchovu, akaamka saa tisa, jogoo la kwanza halijawika, asilale tena. Na saa hizo za kuelekea alfajiri ndizo mbaya kupita zote. Moyo huwa mzito kama jiwe, kisha mzigo hupungua kidogo jua likipanda, hata jioni akaonekana kama mzima. Basi jirani amwonaye jioni akizungumza barazani husema kwamba yule asubuhi alikuwa akijifanya. Wengine usingizi wao ni wa mang'amung'amu, hawakulala wala hawakukesha. Na wako wachache, hasa vijana, ambao hulala kupita kiasi na kuamka wamechoka vilevile.

Habari za chakula hufanana na hizo. Wengi hukonda, chakula huwa kama majani makavu kinywani, na kanzu au gauni humpwaya mtu katika muda wa mwezi mmoja. Wachache hula zaidi na kunenepa. Uchovu wao si ule wa mtu aliyelima, ambao usingizi huuondoa. Ni uchovu anaoamka nao. Kuteka ndoo moja ya maji huwa kazi ya siku nzima. Wengine mwendo wao hupungua hata usemi: ukiwauliza neno, jibu hukawia, sauti huwa ya chini isiyopanda wala kushuka, na uso haubadiliki. Wengine, kinyume chake, hawawezi kutulia. Husokota upindo wa nguo, huenda na kurudi. Kisha kuna maumivu yasiyo na kidonda: kichwa, shingo, mgongo, kiuno, viungo, moyo kudunda, pumzi kuwa fupi, na mtu kushusha pumzi mara kwa mara bila kujijua, tumbo kusokota, kuvimbiwa, kufunga choo, mikono kufa ganzi, mwili kuwaka moto ndani kwa ndani hali mkono ukiwekwa juu ya ngozi hausikii joto. Hamu ya unyumba hupungua kwa waume na wake, na jambo hilo limeleta magomvi na tuhuma katika nyumba nyingi ambamo hapakuwa na kosa la mtu. Padre asikilizaye mashtaka ya mke na mume yafaa alikumbuke.

Maumivu hayo si ya kubuni. Neno hili twalitilia mkazo, kwa sababu msikilizaji aambiwapo kwamba ugonjwa "ni wa moyo" hudhani mara moja kwamba kichwa cha yule mtu hakiumi kweli. Chauma kweli. Mishipa ya fahamu ipelekayo habari za maumivu ubongoni hukutana na njia nyingine zishukazo kutoka ubongoni, ambazo kazi yake ni kuyapunguza maumivu, kama mlinzi asimamaye mlangoni asiruhusu kila kelele kuingia. Serotonini na noradrenalini, kemikali mbili zitumikazo katika njia hizo, ndizo pia zitumikazo katika kuongoza usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Zikiharibika kazi yake, mlinzi hulegea, na maumivu madogo ambayo jana hayakusikika leo husikika kwa nguvu. Tena, kwa wagonjwa wengi, homoni iitwayo kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa taabu ili kujikaza, hubaki juu siku nyingi pasipo kushuka kama ipasavyo. Nayo huchangia kuharibu usingizi na kuuchosha mwili. Vilevile maumivu ya muda mrefu huuzaa ugonjwa wa huzuni kwa mtu ambaye hakuwa nao. Njia hiyo hupitika pande zote mbili.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili hakikuchora mpaka kati ya mwili na moyo mahali pale ambapo vitabu vya Ulaya viliuchora zamani, na katika jambo hili twaona Kiswahili kiliona vema. Uchungu ni wa dawa ulimini, ni wa mwanamke ajifunguaye, na ni wa mtu aliyefiwa. Neno ni moja. Habari mbaya hukata maini. Mwenye hofu na wasiwasi yu matumbo joto. Kiherehere cha moyo ni kudunda kwa moyo na ni wasiwasi pia, wala mzee wa pwani hataelewa ukimuuliza atumia maana ipi kati ya hizo mbili. Kunyong'onyea ni viungo kulegea na nia kulegea pamoja. Aliyenyong'onyea huonekana kwa mabega yake kabla hajasema neno. Na kusononeka, ambako lilitolewa jina la sonona, ni kuumwa kwa ndani, maumivu yasiyo na jeraha. Waliolichagua neno hilo walichagua kwa busara, ila kwa sasa jina hilo lakaa zaidi katika redio na vitabu kuliko vinywani mwa watu wa vijijini. Mwalimu asemaye, "Huyu mama ana sonona," asishangae akiulizwa ni ugonjwa gani huo. Akisema, "Amenyong'onyea, ana mawazo, usingizi hana," watu hutikisa kichwa kwa kukubali.

Neno mawazo latuhusu zaidi, maana huwakosesha wengi waliojifunza Kiswahili shuleni. Wazo ni jambo jema. Mwanafunzi mwenye wazo husifiwa. Lakini mtu "ana mawazo," pasipo sifa yo yote kuongezwa, maana yake ameelemewa. Hapo mawazo ni kama ugonjwa ushikao: "yamemzidi," "yamemkondesha," "yamempandisha presha." Tumemsikia mtu wa bara akimjibu mama wa Msata aliyesema ana mawazo, "Vema, tueleze basi!" naye mama akanyamaza. Hali kadhalika "kufikiri sana" si sifa ya mwenye akili nyingi. Ni kuzunguka katika jambo moja usiku kucha kama punda wa kinu.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Katika lugha ya Kishona huko Zimbabwe, ugonjwa huu huitwa kufungisisa. Msomaji asidanganywe na kufunga kwetu: kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na mnyambuliko wa -isisa huongeza nguvu, yaani kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alilifuata neno hilo la wenyeji alipoanza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, kazi ya kuwaweka wanawake watu wazima katika mabenchi nje ya zahanati, wawasikilize wagonjwa na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573. Waliosikilizwa kwa njia hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa matunzo ya kawaida. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza kwanza wenyeji wenyewe huuitaje ugonjwa huu, nao wakapewa majina mawili ya Kiganda, la kujichukia na la kujihurumia, okwekyawa na okwekubagiza. Kisha, mwaka 2002, watu wa vijiji 30 waliingizwa katika jaribio. Katika baadhi ya vijiji wagonjwa walikutana kwa makundi, wanaume kwao na wanawake kwao, kila juma kwa muda wa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko waliofundishwa kazi hiyo. Waliokutana walipata nafuu kubwa. Walianza na jina ambalo mgonjwa alilijua, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa nusu ya kazi.

Wako wasemao kwamba kutaja mwili mahali pa moyo ni desturi ya Waafrika, au ya watu wasiosoma. Hilo si kweli. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vituo 15 vya matibabu katika nchi 14, tangu Seattle na Manchester hata Nagasaki na Ibadan. Wagonjwa 1,146 walikutwa na ugonjwa wa huzuni, na katika kila 100 miongoni mwao, 69 walikuwa wamemwendea daktari kwa habari za mwili tu. Walipoulizwa waziwazi, wengi walikiri na habari za moyo. 11 tu katika kila 100 waliendelea kukana. Na tena uchunguzi huo ulionyesha jambo ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote: habari za mwili peke yake zilizidi katika vituo vile ambavyo mgonjwa hakuwa na daktari wake amjuaye, aliyemtibu siku zote. Mgeni huambiwa habari za mwili, naye rafiki huambiwa na za moyo.

Mtu wa pwani hatalishangaa neno hili, maana ndiyo adabu yake ya kila siku. Salamu za kwetu zina mlango wa nje na mlango wa ndani. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata mwenye maiti ndani hujibu nzuri kwanza, ndipo aongeze, "ila tumepatwa na msiba." Neno ila ndilo mlango wa ndani. Mgonjwa wa huzuni husema, "Namshukuru Mungu, ila mwili tu." Msikilizaji mwenye haraka hulisikia neno mwili, akampa vidonge vya kichwa, akadhani amejibu. Msikilizaji mwenye adabu huuliza, "Mwili unafanyaje?" kisha, "Tangu lini?" kisha hunyamaza kidogo. Tumeona mara nyingi kwamba habari yenyewe hutoka wakati wa kuaga, mkono ukiwa umeshika mwimo wa mlango: "Na huyu mume wangu, Padre, toka alipokwenda Dar es Salaam..." Anayesindikiza wageni wake mpaka njiani, kama ilivyo desturi, husikia mambo ambayo akaaye ofisini hayasikii.

Iko sababu nyingine katika desturi za msiba. Kilio kina wakati wake. Matanga yakiisha kuondolewa, watu hurudi makwao. Yaja arobaini, na kwa Waislamu mjane akikaa eda hutimiza miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo humwambia, "Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa." Mwenye kuendelea kulia huonekana kama anayeshindana na Mungu. Lakini hakuna amlaumuye mtu kwa kuumwa mgongo. Kwa hiyo yule ambaye machozi yake yamefika mwisho wa muhula aliopewa na watu huendelea kuugua kwa kichwa na tumbo, na wala hafanyi hila; mwili ndio mahali pa pekee palipobaki wazi. Jambo hili huwashika wanaume zaidi, kwa kuwa wao muhula wao wa kulia ni mfupi mno, kama upo.

Na hapa yatupasa kusema neno juu ya mafundisho yetu. Katika mahubiri mengi huzuni yatajwa kama upungufu wa imani, na kukata tamaa kama dhambi. Msikilizaji aliye mzima hupita nalo. Aliye mgonjwa, ambaye tayari ajiona mwenye hatia kwa kila kitu, hulichukua kama hukumu, na tangu siku ile hamwelezi mhubiri habari za moyo wake tena, ila za kiuno. Ni jambo la kusikitisha, maana Zaburi za maombolezo zenyewe zataja mifupa, macho yaliyofifia na chakula kilichosahauliwa, bila kuona aibu. Na Eliya alipokaa chini ya mti jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani.

Wengine huona katika dalili hizi kazi ya pepo au ya uchawi, nao humwendea mganga wa kienyeji apige ramli. Hatusemi haya kwa dharau. Mwaka 2003 Ngoma na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa Dar es Salaam: katika wagonjwa waliokwenda kwenye zahanati za serikali, 24 kwa 100 walikuwa na maradhi ya kawaida ya nafsi, yaani huzuni na wasiwasi, kwa waganga wa kienyeji walikuwa 48 kwa 100, mara mbili. Basi wagonjwa tuwatafutao wako kwa mganga, na sababu moja si ngumu kuiona: mganga huuliza habari za jamaa, za ugomvi, za marehemu, za ndoto, naye hana haraka. Mgonjwa aliyepitia kwa mganga asikemewe hata akafunga kinywa. Aulizwe aliambiwa nini huko, maana katika jibu hilo mara nyingi mtajwa na jina la mtu ambaye ugomvi naye ndio asili ya taabu yote.

Kwa walimu twaongeza neno moja. Kijana mwenye ugonjwa huu si lazima awe na uso wa huzuni. Mara nyingi huwa mwepesi wa hasira. Huumwa tumbo asubuhi ya shule, huumwa kichwa saa ya hesabu, husinzia darasani, alama zake hushuka, huacha mpira ambao aliupenda. Huitwa mvivu na kuadhibiwa, na adhabu humthibitishia lile alilokuwa akiliamini tangu mwanzo, kwamba hafai. Binti wa shule ya bweni aombaye ruhusa kila juma kwenda zahanati, akarudi kila mara na jibu la kwamba hana malaria, hajathibitishwa kuwa mwongo. Amethibitishwa tu kuwa hana malaria.

Lakini pia kosa la upande wa pili lipo, nalo laweza kuua. Si kila aliyenyong'onyea ni mgonjwa wa huzuni. Safura na upungufu wa damu humchosha mtu na kumfanya apumue kwa shida. Mtazame viganja na ndani ya kope kama vimekuwa vyeupe. Kifua kikuu humkondesha mtu na kumtoa jasho usiku. Kisukari, virusi vya UKIMWI, na tezi ya shingo ifanyayo kazi kwa uvivu, zote zaweza kuiga sura ya sonona, na baadhi yake huandamana nayo katika mwili mmoja. Kifua kibanacho ghafula kwa mtu mzima, na maumivu yakashuka mkononi, si jambo la kukaa na kulisikiliza. Apelekwe hospitali saa ileile. Kwa hiyo mwalimu au padre asimwambie mtu, "Huna kitu, ni mawazo tu." Kwanza apimwe damu na mwili wake. Na akiisha kupimwa wasione kitu, neno tu lisitumike pia, maana ndilo liumizalo.

Liko swali moja ambalo wengi huogopa kuliuliza, nalo ni kama mgonjwa ametamani kufa. Hudhani kwamba kuuliza ni kumtia mtu fikira ambayo hakuwa nayo. Sivyo, aliye nayo hupata nafuu kwa kuulizwa, na asiye nayo hukana bila madhara. Kiswahili chatupa njia ya taratibu: "Umechoka sana?" "Umechoka hata na maisha?" "Je, watamani ulale usiamke?" "Umefikiri utafanyaje?" Akijibu ndiyo katika swali la mwisho, asiachwe peke yake hata saa moja, ndugu amwaminiye aitwe, dawa za kuulia wadudu wa shamba na kamba ziondolewe nyumbani, naye apelekwe hospitali siku ileile.

Matibabu yapo. Kwa ugonjwa mwepesi, mazungumzo ya mara kwa mara na kurudi kidogo kidogo katika kazi na watu huweza kutosha. Kwa ule mzito daktari huongeza dawa, kama amitriptilini au fluoksetini. Dawa hizi hazifanyi kazi kama vidonge vya kichwa: huchukua majuma mawili, matatu, hata zaidi, kabla ya mtu kuona nafuu, lakini taabu zake, kama kinywa kukauka au kichefuchefu, huanza siku za kwanza. Kwa hiyo wengi huziacha katika juma la kwanza wakisema zimewadhuru. Mtu mmoja wa kumtembelea katika majuma hayo ni tiba nusu. Tena amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua. Mwenye mawazo ya kufa asikabidhiwe kopo lote, bali ndugu alishike.

Watu wa Chalinze wana hospitali yao ya wilaya pale Msoga, na walio wazito zaidi hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa njia ya kaskazini, juu katika milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, iko hospitali ya Lutindi, iliyoanzishwa na wamisioni mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Ndugu wengi huogopa majina hayo wakidhani kila apelekwaye ni mwendawazimu. Waambiwe kwamba mgonjwa wa sonona mara nyingi hutibiwa katika zahanati na hospitali za karibu, akalala kwake.

Mtu apelekwapo, apewe barua, na barua hiyo iandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Bagamoyo miaka mingi na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, aliyakusanya maneno ya pwani kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha. Nasi tufanye vivyo hivyo katika karatasi ndogo ya zahanati. Isiandikwe "ana huzuni," wala "ana sonona," maana hiyo ni hukumu ya daktari. Iandikwe: "Asema mwili wawaka moto ndani, moyo wamwenda mbio, ana mawazo. Huamka saa tisa ya usiku tangu mwezi wa Shaabani. Chakula hakipiti; nguo zampwaya. Aliondokewa na mama yake wakati wa mavuno. Hajaulizwa habari za kufa," au, kama ameulizwa, jibu lake. Chini yake litiwe jina la mtu atakayemsindikiza, na siku ambayo mwandishi mwenyewe atakwenda nyumbani kwake kumjulia hali.